Alipelekwa kupima jeraha la kichwa, picha ikaonyesha kingine

Kijana wa bodaboda anaanguka usiku akirudi nyumbani Shanwe, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi. Anagonga kichwa, anapoteza fahamu kwa dakika chache, kisha anaamka akiuliza pikipiki iko wapi. Ndugu wanamkimbiza hospitali. Daktari anaagiza apigwe picha ya CT scan kuona kama damu imevujia ndani ya fuvu.

Damu haipo. Mfupa haujavunjika. Lakini mwishoni mwa karatasi ya majibu kuna sentensi moja ya ziada: upande wa kulia wa ubongo kuna kidoa kidogo cheupe, kigumu kama chokaa, ambacho hakikusababishwa na ajali.

Baba anasikia neno moja tu, "ubongo", na mengine yote yanampita. Mama anauliza kama mwanawe atakufa. Kijana mwenyewe anacheka. Anasema hana tatizo, apewe dawa ya maumivu arudi kazini, maana hesabu ya tajiri wa pikipiki haisubiri. Shangazi aliyewasindikiza anatoka nje kupiga simu. Kabla ya jua kuzama, nusu ya mtaa inajua kwamba kijana ana "kitu kichwani".

Huu ni mfano tu, lakini wazazi wengi wa Mpanda wataona humo sura ya jirani yao. Zamani picha ya ubongo ilikuwa safari ya kwenda Mbeya, Mwanza au Dar es Salaam, na wengi walikata tamaa kabla ya kupanda basi. Katika miaka ya karibuni Serikali imesambaza mashine za CT scan katika hospitali za rufaa za mikoa. Mashine ikisogea, watu wengi zaidi hupigwa picha. Na wakipigwa wengi, huonekana pia mambo ambayo hakuna aliyekuwa akiyatafuta.

Kwa hiyo swali la familia si kilichoonekana ni nini tu. Lipo jingine: familia itafanya nini katika siku za kwanza, kabla haijakielewa?

KUONEKANA SI KUUGUA

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulijua ni kwamba ubongo wa mtu mzima wa afya unaweza kuwa na alama nyingi zisizomsumbua. Kama vile ngozi ilivyo na makovu na madoa, ndivyo ubongo nao ulivyo. Tofauti ni kwamba ngozi tunaiona kila siku, ubongo tunauona siku ya picha.

Mwaka 2007 watafiti wa mji wa Rotterdam, Uholanzi, walitoa matokeo ya picha za MRI za watu 2,000 wa kawaida, wastani wa umri wao ukiwa miaka 63. Hawakuwa wagonjwa waliokuja kulalamika. Hata hivyo, watu 7 hivi katika kila 100 walikutwa na alama za kiharusi kidogo. Wengine, karibu 2 katika kila 100, walikuwa na mshipa wa damu uliotuna, na idadi inayokaribia hiyo walikuwa na uvimbe usio wa saratani.

Kwa watoto, uchunguzi mwingine wa mji huohuo uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia picha za watoto 3,966 wenye umri wa miaka 10 hivi. Mmoja katika kila wanne alikuwa na jambo fulani lisilo la kawaida kwenye picha. Lakini waliohitaji kufuatiliwa na daktari walikuwa 17 tu kati ya hao wote.

Takwimu hizo ni za Ulaya, na Katavi ina magonjwa yake. Bado zinafundisha jambo linalohusu kila nyumba: kuonekana kwa kitu kwenye picha si sawa na kuugua. Mengi huonekana, machache hudhuru. Kazi ya daktari ni kuyatenganisha, na kazi ya familia ni kumpa nafasi na taarifa za kumwezesha kufanya hivyo.

WATU HUPOKEAJE HABARI HIYO?

Wapo wanaopigwa na ganzi. Mtu anaitikia kwa kichwa, anasema "sawa daktari", anatoka nje na hakumbuki hata sentensi moja. Hii si dharau wala ujinga. Akili iliyoshtuka haihifadhi maneno. Ndiyo maana mgonjwa hapaswi kuingia peke yake kupokea majibu ya picha ya kichwa. Aingie na ndugu mmoja mtulivu, mwenye kalamu.

Wapo wanaokimbia. Leo wako hospitali hii, kesho ile, keshokutwa kwa mganga wa kienyeji, wiki ijayo kwenye maombi ya kufunguliwa. Kila mahali wanaanza upya, na kila mahali pesa inatoka. Mahindi yaliyohifadhiwa kwa ajili ya ada yanauzwa, kisha mbuzi, kisha kiwanja. Mara nyingine wanarudia CT scan ileile ndani ya mwezi mmoja bila sababu, ingawa mashine hiyo hutumia mionzi na haifai kurudiwa kwa mazoea, hasa kwa mtoto.

Wapo wanaokana, kama kijana wetu wa bodaboda. "Mbona siumwi?" Karatasi inakunjwa, inaingizwa chini ya godoro, na tarehe ya kliniki inapita. Mara nyingi aina hii ya mgonjwa huonekana jasiri, na familia humsifu kwa kutokuwa na hofu. Kumbe hofu ipo, ila imevaa kicheko.

Na wapo wanaopata nafuu, jambo ambalo huwashangaza ndugu. Mama aliyeishi miaka na mtoto mwenye kifafa, akiambiwa amemroga mwanawe au amerithisha laana ya ukoo, anaonyeshwa kovu kwenye picha na kuambiwa: hiki ndicho chanzo. Kovu hilo si habari njema. Lakini kwake ni mara ya kwanza ugonjwa kuwa na mahali ulipo, na mahali penyewe si mikononi mwake.

Mtu mmoja anaweza kupita katika hali hizi zote ndani ya wiki moja. Baba aliyepigwa ganzi Jumatatu anaweza kuwa amekopa nauli ya kwenda kwa mganga kufikia Alhamisi. Kuyajua haya mapema huisaidia familia isifanye uamuzi mkubwa wakati wa mshtuko. Kuuza shamba, kumtoa mtoto shule au kuvunja uchumba ni mambo yanayoweza kusubiri hadi daktari aeleze kikamilifu.

NENO "UVIMBE" LINAVYOTISHA

Majibu ya picha huandikwa kwa Kiingereza na mtaalamu wa mionzi, kwa lugha ya kuzungumza na daktari mwenzake. Siku hizi mgonjwa hupiga picha karatasi hiyo kwa simu, huandika neno moja kwenye intaneti, na ndani ya dakika moja ameshasoma kuhusu vifo.

Hata Kiswahili nacho kina mtego. Neno "uvimbe" masikioni mwa wengi maana yake ni saratani. Lakini uvimbe wa ubongo ni wa aina nyingi. Ule uitwao meninjioma huota kwenye utando unaofunika ubongo, mara nyingi si saratani, hukua polepole, na ukiwa mdogo usio na dalili madaktari wengi huchagua kuufuatilia kwa picha za vipindi badala ya kupasua. Kifuko cha maji ni jambo jingine kabisa. Watu wengi huzaliwa nacho na huishi nacho hadi uzeeni bila kujua. Katika ule uchunguzi wa watoto, waliokutwa na kifuko cha aina hiyo kwenye utando wa ubongo walikuwa kama 2 katika kila 100.

Alama za kiharusi kidogo cha zamani nazo zina ujumbe wake. Hakuna dawa ya kufuta alama hiyo, lakini inamwambia mtu kwamba mishipa yake inateseka, pengine kwa shinikizo la damu, kisukari au sigara. Hatua inayofuata ni kipimo cha presha ambacho hata zahanati ya karibu inacho. Hapo picha iliyomtisha mzee inaweza kumwepusha na kiharusi kikubwa.

KIDOA CHA CHOKAA KINASEMA NINI?

Kidoa kidogo kigumu kama kile cha kijana wa Shanwe kinaweza kutokana na mambo kadhaa. Kimojawapo, ambacho kusini na magharibi mwa Tanzania hakipaswi kusahaulika, ni tegu la nguruwe.

Mnyoo huu hukaa tumboni mwa binadamu aliyekula kitimoto kisichoiva vizuri chenye vifuko vya tegu. Mtu huyo hutoa mayai kwa njia ya choo kikubwa. Mayai yakiingia kwenye maji, mboga au mikono, mtu mwingine huyameza. Ndani ya mwili hupasuka na kutoa vijinyoo vichanga vinavyosafiri na damu, vingine vikafika kwenye ubongo na kuwa vifuko vidogo. Kwa hiyo hata mtu asiyegusa nyama ya nguruwe maisha yake yote anaweza kupata vifuko hivyo kichwani, kwa kula chakula kilichoandaliwa na mikono isiyonawa. Hapa hakuna wa kumnyooshea kidole mwenzake kwa dini yake wala kwa chakula chake.

Baada ya miaka, kifuko hufa na kuacha kovu la chokaa. Wengine hawapati dalili yoyote. Wengine hupata kifafa. Katika utafiti uliofanywa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, na kuchapishwa mwaka 2009, watu 212 wenye kifafa waliangaliwa kwa CT scan. Kati yao 38, sawa na karibu mmoja katika kila sita, walikutwa na alama zilizoonyesha au kuashiria tegu kwenye ubongo. Miongoni mwao huenda walikuwemo walioambiwa kwa miaka kwamba wana mashetani.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mtu akisikia "minyoo kichwani" hukimbilia duka la dawa kununua dawa za minyoo. Asifanye hivyo. Kama kifuko kimeshakufa na kuwa chokaa, dawa hiyo haina cha kuua. Na kama vifuko bado vipo hai, kuviua ghafla bila uangalizi kunaweza kuufanya ubongo uvimbe na kuleta degedege kali. Matibabu hupangwa na daktari, mara nyingi pamoja na dawa za kutuliza uvimbe.

SWALI LILILOFUNGUA SIRI YA MAMA

Turudi kwa kijana wetu. Daktari makini haishii kwenye picha. Anauliza: "Umewahi kuanguka na kupoteza fahamu kabla ya ajali hii?" Kijana anakataa. Mama ananyamaza, anatazama sakafu.

Alipokuwa na miaka 15 alianguka mara mbili kisimani, mikono ikamkakamaa, akatokwa na povu. Mama alimfunika kwa khanga, akamwogesha, akakubaliana na bibi kwamba jambo lisitoke nje ya ua. Alikuwa anamlinda. Kijana angeitwa mwenye kifafa, nani angemwoza binti yake? Nani angemkabidhi pikipiki?

Sasa maelezo hayo yanabadilisha ajali nzima. Kidoa hakikuletwa na ajali, hiyo ni kweli. Lakini huenda ajali ndiyo iliyoletwa na kidoa. Huenda kijana hakuteleza kwenye mchanga. Huenda alipata degedege akiwa juu ya pikipiki, na kesho angeweza kuipata akiwa amembeba mwanafunzi au mama mjamzito.

Hapa ndipo uzito wote ulipo. Picha peke yake haikuweza kusema hivyo. Kicheko cha kijana kingelificha, hofu ya baba ingelipeleka kwa mganga, na ukimya wa mama ungelizika. Kipande kilichokosekana kilikuwa nyumbani, na mwenye nacho alikuwa mzazi.

Gharama ya ukweli huo si ndogo. Daktari atamwambia kijana asiendeshe pikipiki hadi degedege idhibitiwe na apewe ruhusa. Kwa nyumba inayokula kwa bodaboda, hiyo ni habari nzito kuliko kidoa chenyewe. Familia italazimika kukaa chini: atafanya kazi gani kwa sasa, nani atamsaidia mtaji wa genge au fundi gani atampokea, nani atakumbusha dawa. Dawa za kifafa humezwa kila siku na hazikatizwi ghafla hata mtu akijisikia mzima. Lakini wagonjwa wengi wakizitumia vizuri hukaa bila kuanguka, wakasoma, wakaoa na kulea.

Somo hili ni la zamani kuliko mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Mahenge, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya watu wenye kifafa waliokuwa wakitengwa. Hapakuwa na CT scan. Kilichosaidia kilikuwa ni kuuita ugonjwa kwa jina lake na kutoa dawa bila kukatiza.

MTOTO ANAPOKUWA NDIYE MWENYE PICHA

Mtoto husoma uso wa mzazi kabla ya kusikia maneno. Mama akilia korido nzima, mtoto anahitimisha kwamba anakufa, hata kama daktari amesema hakuna tatizo. Aambiwe ukweli kwa kipimo cha umri wake: "Picha imeonyesha kialama kidogo. Daktari atakuwa anakiangalia. Ukiumwa kichwa au ukijisikia vibaya, uniambie."

Kosa jingine ni kumgeuza mtoto yai. Anakatazwa mpira, kuchota maji, kwenda shule na kucheza na wenzake, wakati daktari hakusema lolote kati ya hayo. Mzazi aulize moja kwa moja: afanye nini, na asifanye nini? Kisichokatazwa kiruhusiwe. Kama ana degedege, mwalimu wa darasa ajulishwe, ili mtoto akianguka alazwe ubavu na asitiwe kijiko mdomoni.

Habari za ubongo wa mtoto pia si za kundi la WhatsApp la ukoo. Jina likishatoka halirudi, na miaka kumi baadaye mtu anaweza kumkumbuka kwa kidoa ambacho madaktari walishakisahau.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOKA

Mzazi akiwa mbele ya daktari anaweza kuandika maswali haya kwenye daftari au simu, asione aibu kuomba yarudiwe kwa Kiswahili chepesi.

Kilichoonekana kinahusiana na dalili zilizotuleta? Ni cha dharura, cha kufuatilia au cha kuachwa? Kama ni cha kufuatilia, turudi lini, na kwa kipimo gani? Je, kuna haja ya MRI au ya kumwona bingwa wa ubongo? Dalili gani zikitokea tusisubiri tarehe?

Kwa swali la mwisho, majibu mengi hufanana. Maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, hasa yenye kutapika asubuhi. Degedege. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea. Kuona vitu viwili viwili. Tabia kubadilika ghafla au usingizi usio wa kawaida. Kwa mtoto mchanga, kichwa kinachokua haraka kupita kiasi. Hizo si za kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Ahakikishe pia jina na umri ulioandikwa kwenye picha na karatasi ni vya mgonjwa wake. Mwaka 2018 jijini Nairobi mgonjwa mmoja alipasuliwa kichwa kimakosa badala ya mwenzake, na kosa likagundulika pale damu iliyotafutwa ilipokosekana. Kuuliza "hii ni ya kwetu?" si utovu wa adabu.

Mwisho, picha na majibu vitunzwe. Daktari wa mwaka ujao hataweza kujua kama kidoa kimekua iwapo hana cha kukilinganisha nacho. Bahasha ile isilale chini ya godoro ikakunjika. Ikae pamoja na kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa, mahali ambapo kila mtu mzima ndani ya nyumba anapajua, hata siku ambayo mama hayupo.